Mfuko wa Panzi

Binti wa Kabula alikuja kwangu Lipangalala wiki moja baada ya mazishi ya mama yake. Sikuwa nimesikia msiba. Nilikuwa naanika mpunga uani, akabisha hodi, akapiga goti kidogo kama walivyofunzwa kwao, akaniamkia, na kabla sijamuuliza ni mtoto wa nani nilikwisha kumtambua kwa ule mwanya wa meno ya mbele ambao mama yake alikuwa nao. Nilimkaribisha chai. Akasema mama yake aliacha maagizo kwamba akifa, mimi niambiwe. "Alikuwa anakutaja sana, mama. Alisema mlilala chumba kimoja kwa Wazungu, wewe ukabaki, ukasomeshwa, ukawa mtu wa maabara. Yeye aliharibu kwa uzembe wake mwenyewe. Lakini alisema wewe hukumchongea, ulimsikitikia." Nilimwongezea sukari bila kuulizwa. Nikamwambia mama yake alikuwa mchapakazi, ambayo ni kweli, nikamfungia mchele wa kupeleka kwa wadogo zake, nikamsindikiza mpaka njia panda. Niliporudi kuku walikuwa wamejaa kwenye mpunga wangu na sikuwafukuza. Nimefanya kazi ya kuangalia damu za watu kwenye hadubini zaidi ya miaka ishirini, nimeandika majibu mabaya ya watu niliowajua kisha nikala chakula changu, na siku ile chai yangu ilipoa bila kunywewa. Kabula ameingia kaburini akiamini uongo, na mwenye uongo huo ni mimi.

Sitaeleza ukoo wangu wala nilifikaje kwenye nyumba ile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ilikuwa mwaka tisini na saba, na nilikuwa mfanyakazi wa ndani kwa mtaalamu mmoja wa wadudu aliyekuja na mkewe na binti yao wa miaka minane, Lena. Yeye tulimwita Daktari, mkewe tulimwita Mama Lena. Jikoni alikuwapo Mzee Fidelis, Mndamba wa hapa hapa, aliyepika kwa Wazungu tangu ujana wake na kujiona yeye ndiye mwenye nyumba, wao ni wageni wanaopita. Mimi na Kabula tulilala chumba cha nyuma ya jiko, vitanda viwili vya kamba, dirisha moja la wavu, ukutani misumari ya kutundikia nguo. Tulikula humo humo, ugali wa jana uliokaangwa asubuhi, wali na perege jioni, na Kabula alikuwa na tabia ya kula huku akisoma chochote kilichofungiwa nyama au maandazi, hata kama gazeti lilikuwa la miaka mitatu nyuma. Alinisomea kwa sauti habari zisizo na mwisho, maana kipande kilichobaki kilikuwa kimefungia nyama ya mtu mwingine.

Sebuleni, mahali ambapo watu wenye akili zao huweka kabati la vyombo, lilikaa sanduku la kioo lenye mchanga, gogo, jiwe bapa na taa mbili za joto. Ndani yake aliishi Bruno. Alikuwa mjusi wa urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, rangi ya udongo mkavu, ana miiba laini kidevuni ambayo akikasirika aliituna ikawa nyeusi kama ndevu. Asili yake ilikuwa Australia, lakini alizaliwa dukani huko kwao Lena, akaletwa kwa ndege. Mzee Fidelis alisema katika miaka yake yote ya kupika amepika vya ajabu, ila kumpandisha mjusi ndege hajapata kusikia. Mimi sikumpenda. Nilimwona ana macho ya mtu anayekusema moyoni. Kabula alimpenda kuliko Lena mwenyewe. Alipopiga pasi alimweka begani, na Bruno alitulia pale akifumba jicho moja moja, naye Kabula akimweleza kwa Kisukuma mambo ambayo mimi sikuambiwa. Kazi ziligawanywa: Kabula kusafisha sanduku, mimi kutafuta panzi.

Sasa niseme lililokuwa moyoni mwangu, maana bila hilo mengine hayana maana. Mwanzoni mwa mwaka Mama Lena alituita sote wawili akasema mwezi wa tisa kuna mafunzo ya wasaidizi wa maabara, na yeye na mumewe wanaweza kumpendekeza mmoja. Nafasi ilikuwa moja. "Nitaangalia nani ana umakini," alisema. Tangu siku hiyo nililala na kuamka na neno hilo. Nilijua ninachorudia nikikosa: mashamba ya watu, kuinama kwenye maji tangu Januari mpaka mgongo ukubali. Na nilijua atakayepata. Kabula alikuwa mwepesi kuliko mimi kwa kila kitu kilichohusu karatasi. Siku moja alisahihisha orodha yangu ya sokoni mbele ya Mama Lena, akicheka, bila ubaya wowote, akanipiga kikumbo kama tulivyozoea kutaniana. Mama Lena alicheka pia. Nilicheka nao, nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Kumchukia mtu anayekuhifadhia ukoko wa wali kwa sababu anajua unaupenda ni kazi ngumu, lakini niliimudu.

Mvua zilipokuwa zinaisha Daktari alileta vyandarua vipya viwili, vyetu mimi na Kabula, pamoja na dawa ya kuvichovya, jambo ambalo miaka ile ndiyo kwanza lilikuwa linaingia kwetu. Ilikuwa Jumapili. Kabula kila Jumapili alikwenda kwa baba yake mdogo, nje ya mji, kumsaidia kuogesha ng'ombe kwa bomba la kunyunyizia, kwa hiyo hakuwapo. Daktari alinipa glavu na beseni, akanielekeza taratibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka kupita chetu. Akaniambia dawa hii ni ya ukoo mmoja na ile ya kuogeshea ng'ombe, kwa mtu haina neno ukifuata maelekezo, ila nisiimwage mtaroni, itaua samaki. Itakayobaki nichimbe shimo, nifukie. Nilichovya vyandarua vyote viwili, changu na cha mwenzangu, na kwenye beseni ikabaki dawa nyingi tu. Nikaona kuchimba shimo ni kujichosha, na kumwaga kitu kizuri ardhini ni ufujaji. Nikachukua chandarua cha zamani kilichotoboka, nacho nikakichovya, kikanywa dawa yote mpaka beseni likakauka. Mama zetu wametulea hivyo: maji ya kuoshea mchele hupewa kuku, na mafuta yaliyokaangia samaki hukaangia tena kesho.

Mwezi wa sita mpunga ukavunwa, panzi wakajaa kwenye mabua. Kuwakamata kwa mkono ni mateso, unawanyatia ishirini unapata watatu. Ndipo nilipokikumbuka kile chandarua. Nilikikata kwa mkasi wa Mama Lena, nikashona mfuko, nikaufunga kwenye duara la waya na fimbo ya mwanzi, nikawa napita shambani nikifagia nao huku na huku kama mtu anayetimua nyuki. Kwa nusu saa nilijaza. Na tena panzi wa mfuko walikuwa watulivu, wamelegea. Nilipowaweka mbele ya Bruno hawakurukia kioo na kutoroka chini ya gogo. Walikaa tu, na Bruno aliwalamba mmoja mmoja, Lena akipiga makofi. Kabula aliuona ule mfuko jioni ya kwanza, nilipoutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Akacheka, akinifupishia jina langu Otilia kama kawaida yake, "Oti, panzi wako wamelewa." Nilijisikia fundi.

Baada ya kama siku kumi Bruno alibakiza panzi mmoja. Kesho yake alibakiza watatu. Wiki iliyofuata alifumba mdomo kabisa, hata majani ya kunde aliyokuwa akiyagombania aliyapita kama hayaoni. Mama Lena alifungua daftari, akaandika kila kitu: amelala wapi, amepata choo, ana uzito gani. Alimpima kwenye mizani ya jikoni ambayo Mzee Fidelis alipimia unga, na kila siku mzee aliiosha kwa maji ya moto akinung'unika kwamba amebaki kupikia wanyama tu. Kwanza walisema ni baridi ya kipupwe, maana umeme ulikatikakatika na taa zikazima. Tukampasha kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo. Hakula. Wakasema amemeza mchanga, amefunga tumbo. Kabula akamwogesha kwenye karai la maji vuguvugu, akimpapasa tumbo kwa kidole gumba, na mchanga wote ukatolewa, yakatandikwa magazeti ambayo Kabula aliyasoma kwanza. Hakula. Wakasema ni minyoo. Daktari alileta hadubini nyumbani, akaangalia kinyesi, hakukuta kitu, kisha akamwita Kabula naye aangalie. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Nilimwona akiinama pale, jicho moja amefumba, Daktari akimweleza, Mama Lena akimtazama mumewe kwa ile namna ya watu waliokwisha kuamua jambo. Chai niliimwaga kwenye sahani za vikombe.

Na siku zote hizo, kwa nia njema kabisa, nilikuwa namletea panzi. Nyakati nyingine wakimpa yai kwa bomba la sindano akachangamka kidogo, akakubali panzi mmoja au wawili, nasi sote tulishangilia, na kesho yake miguu yake ya nyuma ilitetemeka. Nilichagua wale waliolegea zaidi ili asihangaike. Kadiri alivyodhoofika ndivyo nilivyojitahidi. Lena naye aliacha kula, kama mjusi wake. Nilimsikia siku moja akimuuliza mama yake kwa Kiswahili, maana walizoea kuchanganya, "Atakufa? Sema kweli," na mama yake akamjibu kwa lugha yao kwa sauti ndogo sana. Jikoni, Mzee Fidelis alikuwa na maelezo yake. Mwaka uliopita ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mpunga wake, na tangu hapo kila baya la bonde hili lililetwa na Wasukuma. "Watu wanaolala na ng'ombe," aliniambia akikuna nazi, "huwezi kujua wanashika nini." Nilimsogezea nazi nyingine. Nilipenda kumsikia akisema.

Mwishowe akaitwa Bwana Mifugo. Alikuja na baiskeli na viatu vyake vya mpira, akaonyeshwa mgonjwa, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mama, mimi nimesomea ng'ombe." Lakini alipomshika Bruno kicheko kikaisha. Alimlaza kwenye kiganja, akaangalia miguu ya nyuma, akamnusa mdomo, akamweka sakafuni akamtazama akivuta mkia. Tulikuwa sote sebuleni. Akasema, "Nimewaona ndama hivi hivi. Ndama akilamba dawa ya josho hutetemeka nyuma kwanza, chakula hataki. Huyu haumwi. Huyu anakula sumu, kidogo kidogo." Mzee Fidelis alikuwa kwenye mlango wa jiko, akauliza kana kwamba anaiuliza hewa, "Na humu ndani anayeshika dawa ya ng'ombe ni nani?" Wote wakamgeukia Kabula.

Mimi ndiye niliyeelewa. Nilielewa pale pale, yote kwa mara moja, beseni, chandarua, panzi waliolewa. Daktari alikuwa mtu wa utaratibu, akainua mkono watu wanyamaze. "Tuanze na chakula. Otilia, panzi unawakamata na nini?"

"Kwa mkono, Daktari."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Kabula alinitazama. Mfuko ulikuwa chumbani kwetu, nyuma ya mlango, umefunikwa na khanga yake. Aligeuza macho upande wa chumba chetu, kisha akaangalia sakafu. Daktari akamgeukia. Akakubali kwamba Jumapili huogesha ng'ombe. Je, hunawa? Hunawa. Je, hubadilisha nguo? Hubadilisha. "Kila mara?" aliuliza Mama Lena. Angesema ndiyo, kama mimi nilivyosema "siku zote", pengine mambo yangekuwa mengine. Kabula akafikiri, nami nikamwona anafikiri kwa haki, anazihesabu Jumapili zake. "Siwezi kuapa kila mara, mama," alisema. Lena, aliyekuwa amekaa chini na Bruno mapajani, alisema bila kupaza sauti, "Wewe ni mbaya." Kabula alipiga magoti amshike, mtoto akarudi nyuma pamoja na mjusi wake.

Daktari alisema hamtuhumu mtu. Alisema kazini kwake wasipojua chanzo huondoa kitu kimoja, wakaangalia kinachotokea. Kabula aende kwa mama yake upande wa Mlimba wiki mbili. Mjusi akiendelea kuumwa, chanzo ni kingine na yeye atarudi kazini. Akipona, basi. Nimefanya majaribio mengi tangu hapo na leo ningeweza kumwambia Daktari kwamba jaribio lake lilikuwa bovu, kwa sababu vitu vilivyoondolewa vilikuwa viwili na yeye alikijua kimoja.

Chumbani Kabula alifunga nguo zake kwenye kitenge. Nilikaa kitandani nikijifanya nashona kifungo. Akasema, "Nilikuona umeogopa, Oti. Ni kwa sababu ulikata chandarua bila ruhusa, si ndiyo? Usijali. Sikusema." Nikamwambia ahsante. Akaendelea kufunga, kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Sasa sijui niombe nini. Akipona nitafurahi, maana mtoto analia. Asipopona nitarudi kazini." Akanishika mkono. "Mwangalie vizuri lakini. Usije ukamwacha afe kwa ajili yangu." Nilimuahidi. Asubuhi alipokwenda kupanda treni niliuchukua ule mfuko nikautia jikoni kwenye moto, Mzee Fidelis akauliza ni nini kinanuka, nikamwambia tambara.

Niliwanyatia panzi kwa mkono wiki mbili. Vidole vilichanika kwa mabua. Watu wanadhani uovu hufanyika kwa kasi, mtu hajui alitendalo. Mimi nilikuwa na siku kumi na nne, kila asubuhi nimeinama shambani peke yangu, na kila asubuhi nilijiuliza na kujijibu. Nilifikiri kusema. Nilifikiri hata kuchukua kipande cha chandarua changu kipya na kuendelea kumlisha sumu, ili afe, Kabula aonekane hana hatia. Hilo la pili nililiona ni dhambi, na nilipata faraja kujiona bado ninaogopa dhambi. Siku ya tano miguu ilitulia. Siku ya tisa, mbele ya wote, Bruno aliinua kichwa, akamkodolea macho panzi wangu mzima, mrukaji, akamfuata mpaka kwenye pembe ya kioo akamdaka. Lena alipiga kelele. Mama Lena alinikumbatia akilia, akanibusu kwenye nywele, akasema, "Mikono yako, Otilia, mikono yako." Mzee Fidelis akasema si alisema. Nilicheka pamoja nao, na furaha yangu haikuwa ya kuigiza. Nilikuwa nimepata nafasi, na mjusi amepona.

Kabula alirudi siku ya kumi na tano, mchana, kwa mguu kutoka stesheni, na kibuyu cha maziwa ya mgando alichopewa na mama yake kwa ajili ya nyumba nzima. Alipita mlango wa jikoni kama kawaida, akamwamkia Mzee Fidelis, mzee akaitikia huku akitazama sufuria. Hakuna aliyemweleza kitu. Alisikia mwenyewe kucha zikikwaruza kioo sebuleni, akaenda, nami nikamfuata. Bruno alikuwa juu ya gogo, mnene, ndevu zimetuna, anafukuza panzi. Kabula alisimama akiwa bado ameshika kibuyu. Kwanza alitabasamu, kweli alitabasamu, akasema jina lake. Kisha tabasamu likakaa usoni bila kujua liende wapi. Aliweka kibuyu chini, akaviangalia viganja vyake, akavinusa kimoja baada ya kingine.

"Oti," alisema. "Basi ni mimi?"

Tulikuwa wawili tu mle ndani. Mama Lena alikuwa bustanini, angesikia nikimwita.

"Ni wewe," nilisema. "Lakini Mungu anajua hukukusudia."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia. Akaniomba sabuni. Nikampa ile mpya. Alinawa bombani mpaka kwenye viwiko, akajisugua chini ya kucha, akasuuza, akaanza upya, mimi nikiwa nimemshikia taulo. Kisha akarudi sebuleni, akasimama mbali kidogo na kioo, mikono ameifumbata mgongoni asije akagusa, akamwomba yule mjusi msamaha kwa lugha ya kwao.